Mlango Mmoja Ghorofani

Baba mkwe wangu tulimzika mwezi uliopita akiwa na miguu yake yote miwili. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu pale msibani wengi walilisema, kila mmoja kwa namna yake, na wengine walilisema huku wakinitazama. Nilikuwa nimekaa na wanawake nyuma ya nyumba, napepeta mchele ambao haukuwa na hata punje moja ya jiwe, ili tu mikono iwe na kazi. Binti mmoja mgeni, aliyeolewa majuzi kwenye ukoo, aliuliza mguu wa mzee uliponaje maana amesikia ulikuwa wa kukatwa. Akajibiwa kwamba alitibiwa Tarime mjini, kwa mama yake. Binti akashangaa, mzee wa umri ule ana mama? Wanawake wakacheka, mimi nikacheka nao, halafu nikainuka nikaenda kusimama peke yangu karibu na zizi.

Kisa hicho walichokicheka kilitokea mwaka nilionunua hewa. Ndivyo mji mzima wa Tarime ulivyosema, au angalau ule mji niliokuwa naujua mimi, kuanzia wauza ndizi wa stendi hadi shemeji zangu: Bhoke kanunua hewa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na kazi yangu ilikuwa kukata tiketi kwenye kidirisha cha ofisi ya mabasi. Mume wangu, Marwa, alikuwa dereva wa basi la Mugumu. Nilikuwa na kiwanja changu Turwa, nilichokipata kabla sijaolewa, na humo nilikuwa napanda mahindi na maharage nikingoja siku ya kujenga. Kisha mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amesimamisha ghorofa Bomani, hatua chache kutoka stendi, akaishiwa pumzi njiani, akaamua kuuza makazi ya juu moja moja, kila mnunuzi na vyumba vyake na karatasi yake. Yalikuwa makazi manne. Chini maduka yalibaki yake. Jambo kama hilo watu walizoea kulisikia la Dar es Salaam, siyo la kwetu, ambako mtu akisema ana nyumba unamwuliza ina miti mingapi na zizi liko upande gani.

Mimi nililipenda kabla sijapanda ngazi. Nililipenda kwa sababu ya stendi. Aliyewahi kuishi Turwa na kazi yake ikaanza alfajiri ataelewa, maana matope ya msimu wa mvua nimeyavaa kama soksi. Pale juu ningeamka nikisikia makondakta wanaita Musoma, Mwanza, Sirari, Mugumu, nikanywa chai kwa utulivu, nikashuka na kuwa kazini kabla chai haijashuka tumboni. Marwa angelaza basi na kupanda kulala. Hospitali ilikuwa mwendo mfupi wa miguu, na shule ya kumpeleka binti yetu Robhi, aliyekuwa na miaka minne, ilikuwa upande wa pili wa barabara. Sebule moja, vyumba viwili, choo na bafu ndani, na jiko dogo lililotenganishwa na sebule kwa pazia, maana mwenye jengo alikuwa amesahau kuweka mlango, au mlango ulikuwa umeishia kwenye ile pumzi yake. Dirisha la jiko lilitazama mabati ya stendi. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mle jikoni mtupu, nikajiambia hapa ndipo nitakapozeekea.

Nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu isipokuwa Marwa. Miaka miwili kabla, mwanamke mmoja alikuja kidirishani kwangu na watoto watatu na godoro. Mume alikuwa amekufa, na ndugu za mume walikuwa wamemtoa nyumbani. Hakulia. Alisema tu nimkatie tiketi ya kwenda kwa dada yake, na nilipomwuliza dada anakaa wapi, akafikiri muda mrefu kabla ya kujibu, kama mtu ambaye hana hakika atapokelewa. Watu wakaanza kunung'unika nyuma yake kwenye foleni. Nilimkatia. Tangu siku hiyo nilikuwa na neno moja tu moyoni, kwamba nyumba nitakayofia itakuwa na jina langu. Marwa alikubali bila ubishi, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, kwa sababu kwa wenzake madereva alichekwa vya kutosha. Kiwanja kilikuwa changu, kikauzwa, yeye akaongezea kidogo. Tukahamia kwa makubaliano ya awali, na mkataba wenyewe ungeandikwa kwa wakili mwenye jengo akirudi kutoka safari. Jina lingekuwa Bhoke.

Sasa nikiangalia nyuma, naona kosa letu lilikuwa kosa la watu wa kwetu tu. Mtu wa mahali pengine asingelifanya kwa sababu asingekuwa na cha kusahau. Sisi tulikuwa nacho tukakisahau. Tulipima maji, tukapima jua la dirishani, tukabishana na majirani wale watatu nani atafagia ngazi na nani ataosha tangi la juu ya paa. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwetu Wakurya baba hawezi kuingia kulala kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kijijini jambo hilo halikusumbui hata siku moja. Mzee ana nyumba yake, mwana ana yake, mnaonana uani, na mkwe anapita mbali na macho yake chini. Heshima hiyo inajilinda yenyewe kwa sababu ya nafasi. Tulikulia ndani ya nafasi hiyo hatukujua kama ni kitu, mpaka tuliponunua nyumba isiyo na ua.

Mzee Mwita, baba mkwe wangu, alikuwa amepigwa na pembe ya ng'ombe mguuni, chini ya goti. Kidonda kilikataa kupona, na walipompima wakakuta ana sukari. Kwao ni upande wa Serengeti, mahali ambapo basi linapita mara moja kwa siku. Mugumu kulikuwa na hospitali lakini hatukuwa na mtu wa kumlaza kule, na kidonda kilitaka kusafishwa kila baada ya siku moja, kwa miezi. Kwa hiyo Marwa akamleta kwenye basi lake, kiti cha mbele, akajisifu njia nzima kwamba sasa tuna nyumba pua na mdomo na hospitali. Nilikuwa nimetandika chumba cha pili. Nilikuwa nimepika ugali wa mtama na muhogo, nyama ya kuchemsha na maziwa mgando, chakula anachokipenda. Nilisikia fimbo yake ikipanda ngazi, kipande kwa kipande, na pumzi yake. Kisha fimbo ikanyamaza mlangoni.

Nikiwa nyuma ya pazia nilisikia akiuliza mlango mwingine uko wapi. Marwa akamwambia baba yake hakuna mwingine, tata, ni huu huu. Akauliza sisi tunalala wapi. Hapo ndipo sote tulipokumbuka, kwa pamoja, kama watu walioacha mtoto sokoni. Mzee hakugomba. Aliomba kigoda. Robhi akampelekea, akakaa pale juu ya ngazi, akala chakula chake chote huku majirani wanaopanda wakimruka miguu na kumwamkia shikamoo, naye akiitikia marahaba kama yuko uani kwake. Akasifu nyama. Alipomaliza alimwambia Marwa amtafutie gesti.

Gesti alilala siku mbili. Nilijaribu kila hila. Nilisema nitahamia kwa jirani, nilale huko muda wote wa matibabu. Jibu lilirudi kupitia kwa Marwa kwamba hata nikihama, kitanda chetu hakihami. Nikasema basi kitanda kitoke. Akasema mzee mzima hawezi kumfukuza mkamwana kwenye nyumba yake kisha akajiita mgonjwa. Siku ya tatu alfajiri alikuja kidirishani kwangu. Alisimama kando, akitazama mabasi, nami nikatazama kitabu cha tiketi, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunazungumza, yeye na mimi, kila mmoja akiangalia kwingine. Nikamwamkia. Akaitikia, akasema anataka ya kurudi nyumbani. Nilimkatia tiketi kwa mkono wangu mwenyewe, na nilichukia ghorofa ile siku hiyo, nikaichukia hadi ngazi zake.

Mama mkwe wangu, Ghati, alikuja baada ya kama wiki mbili. Yeye hakuwa na tatizo la kuingia sebuleni, akakaa kwenye kochi akavua viatu, akasema moja kwa moja kwamba mguu umeanza kunuka. Mganga wa zahanati alikuwa amesema ukiendelea hivyo utakatwa, na akichelewa zaidi hata kukata hakutasaidia. Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa wimbi. Pazia halizuii sauti, na nadhani yeye alilijua hilo. Alimwambia Marwa kwamba ameongea na mzee usiku na mchana, na kuna njia moja tu ameiona yeye, siyo mzee. Robhi amepewa jina la mama yake Mzee Mwita. Tangu azaliwe, babu yake hamwiti Robhi, anamwita mama, anamtania, anamwomba kibali cha kuvuta tumbaku. Mtu na mjukuu wake ni kama marika. Hakuna mwiko kati yao.

"Kwa mama yake hakatazwi kuingia, mura," alimwambia mwanawe. "Nyumba ikiwa ya Robhi, ataingia."

Marwa akasema hilo ni jepesi, waseme tu kwamba ni ya Robhi. Mama mkwe akasema ameshalijaribu hilo. Mzee amejibu kwamba hadanganyi mwiko kama mtoto anayeficha uji. Nyumba ni ya mtu au si ya mtu. Kama kuna karatasi, basi karatasi ndiyo inayojua, na yeye hataomba karatasi ya mtu. Uji ukaanza kushika chini. Kisha nikamsikia mume wangu akisema kwa sauti ya chini sana kwamba nyumba ile ni jasho la Bhoke, na yeye hana mdomo wa kumwambia.

Nilimaliza kukoroga nikawapelekea uji, nikakaa nao, tukaongea habari za mvua. Huo ndio ulikuwa utu wetu siku zile, na hasira yangu nilikaa nayo peke yangu. Nilikuwa na hasira, kweli. Nilimwona mama mkwe kama mwerevu aliyekuja kuninyang'anya kwa upole. Nilijiuliza ni mwiko gani huu ambao haukuwa na neno nilipokuwa nalima Turwa peke yangu na mgongo unauma, lakini sasa una neno na jina langu. Kila nilipofumba macho nilimwona yule mwanamke na godoro lake. Mtoto wa miaka minne ni nini? Angeugua homa tu akafa, Mungu apishe mbali, nyumba ingekuwa ya nani? Niliwaza hayo, na niliona aibu kuyawaza, na niliendelea kuyawaza.

Jumapili nikapanda basi la Marwa pamoja na mama mkwe na Robhi, kwenda kumwona mgonjwa. Kumwona ni kusema tu. Mkamwana hamtazami mguu baba mkwe wake. Nilikaa kwenye nyumba ya mama mkwe, jiko katikati, moshi ukinitoa machozi ya halali, na kupitia dirisha dogo nilikuwa nasikia yaliyosemwa uani. Na nilisikia harufu. Sijawahi kuisahau, na sitaieleza. Mama mkwe alikuwa anamwambia mzee kwamba Bhoke amekuja, labda amekuja na neno. Mzee akamkatisha.

"Msimwambie kitu," alisema. "Mguu ni wangu. Asinyang'anywe mtu nyumba kwa sababu ya mguu wa mzee."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayekataa kuongezwa chai. Kisha akamwita Robhi, akamwambia, mama, njoo unihesabie ng'ombe, macho yangu yamechoka. Nikawasikia wakihesabu. Robhi alikuwa anajua kuhesabu hadi kumi tu, akifika kumi anaanza upya, na mzee alikuwa anamfuata vivyo hivyo, kumi, halafu moja. Hapo ndipo nilipoamua. Ningependa kusema niliamua kwa wema. Sehemu kubwa ilikuwa wema. Sehemu nyingine ni kwamba nilijua nikikataa nitapanda zile ngazi kila siku nikisikia fimbo nyuma yangu, na nyumba ya namna hiyo hata ikiwa na jina lako haiwi yako.

Wakili alikuwa na ofisi ndogo Bomani, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo mkataba wetu uliandikwa katika harufu ya dawa ya kupe. Nilipomwambia jina ni la mtoto aliweka kalamu chini, akaniuliza kama kuna mtu ananilazimisha, na akamwomba Marwa atoke nje kwanza. Nilimpenda kwa hilo. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza tena, nikamwambia hakuna, mzee wa watu anaumwa. Akanieleza kwamba mtoto hawezi kusaini, kwa hiyo mimi nitasaini kwa niaba yake hadi afikishe miaka kumi na minane, na kwamba siwezi kuuza wala kuweka rehani kama vile ni changu. Nikasema nimeelewa. Alimwita Marwa, akamwita na mwenye jengo aliyekuwa anasubiri kwenye ngazi akitukodolea macho kwa kumkawiza. Robhi aliomba naye aweke dole gumba kwa sababu aliona watu wanasaini. Wakili akamruhusu kwenye karatasi tupu, kisha Robhi akalifutia lile dole kwenye shati jeupe la kazi la baba yake. Marwa aliendesha basi hadi Mugumu na alama ile mgongoni, na hakuna aliyemwambia.

Watu huniuliza kama nilijuta. Nilijuta mara nyingi, hasa Marwa alipopata ajali ndogo barabarani na nikangoja nusu siku bila habari, nikihesabu kichwani nini ni changu. Nilikuta vyombo vya jikoni tu. Robhi sasa ana miaka ishirini, anasoma chuo Mwanza, na tunapotaka kupaka rangi ngazi au kubadilisha tangi, majirani hunitania kwamba wanangoja ruhusa ya mwenye nyumba, nami humpigia simu kweli, naye hutoa ruhusa kwa sauti ya kibosi. Ni mtoto mwema. Lakini mimi nilikuwa nataka jina langu, na sikulipata, na sioni kwa nini niseme sikulitaka.

Mzee Mwita alirudi siku mbili baada ya mkataba. Safari hii Marwa na kondakta wake walimbeba kwenye ngazi. Mlangoni akasema ashushwe. Akasimama kwa fimbo, akaomba karatasi. Alikuwa hajui kusoma, lakini Marwa alimsomea jina, naye akaweka kidole chini ya herufi akakisogeza taratibu mpaka mwisho wa neno. Kisha akapiga hodi. Robhi, aliyekuwa amefundishwa na bibi yake, akamwambia karibu. Akaingia kwa mguu mzima kwanza. Nami nilikuwa nyuma ya pazia, nimesimama wima kama nasubiri kusomewa hukumu.

Aliongozwa hospitali mchana ule ule, wakamsafisha, akarudi amechoka, akalala. Jioni nikapika. Chakula kilipita kwa mkono wa Robhi, sahani moja moja, naye akawa anarudi kunieleza kila kitu ambacho babu amegusa. Marwa alikuwa bado hajafika, basi la mwisho lilikuwa linaitwa chini. Nikawa nimekaa juu ya ndoo yangu na sahani yangu magotini, pazia likiwa limeshuka hadi sakafuni, na nilimsikia mzee akiacha kutafuna.

"Mama," alimwambia Robhi, "karatasi inasema hapa ni kwako, na mimi nimeingia kwa sababu hiyo. Sasa nenda jikoni, umwambie aliyepika kwamba Mwita anajua amelala kwa nani. Umwambie nitakufa nikilijua. Halafu umwombe chumvi kidogo."

Pazia likasogea, Robhi akaingia, mkono mmoja bado una mchuzi. Nikamwuliza babu amesemaje.

"Anataka chumvi," akasema.

Nikampa chumvi akapeleka. Nilibaki pale juu ya ndoo nikalia bila sauti hadi ugali wangu ukapoa, kisha nikaula.